CosmicWatch v2 pwani ya Malindi: kupima miale ya anga mashariki na magharibi

Anayetaka CosmicWatch, kifaa kidogo cha kuhesabu chembe za miale ya anga (chembe zinazotufikia kutoka anga za mbali), kwa kazi ya kupima mwelekeo wa miale hiyo anunue viwili. Kimoja peke yake hakijui mwale umetoka wapi. Kinahesabu kila kinachopita ndani yake, iwe ni myuoni (chembe ambayo miale ya anga huizalisha ikigonga hewa ya juu) iliyoshuka kutoka juu au gama (mnururisho wa kawaida wa mawe na udongo) iliyotoka kwenye ukuta wa jirani. Viwili vikipangwa kimoja mbele ya kingine na kuunganishwa kwa waya mmoja vinakuwa darubini: chembe iliyogusa vyote viwili kwa wakati mmoja imepita kwenye mstari unaojulikana. Tathmini hii inahusu matumizi hayo tu, na inawalenga walimu, vyama vya sayansi vya shule na watu binafsi wa Malindi, Lamu na vijiji vya kati wanaotaka kipimo chenye maana badala ya kifaa cha kuwaonyesha wageni.

Kifaa kilibuniwa katika chuo kikuu cha MIT, Marekani, na Spencer Axani akishirikiana na Janet Conrad na Katarzyna Frankiewicz. Michoro ya saketi, orodha ya vipuri na programu ni wazi kwa yeyote. Ndani yake mna kipande cha plastiki ya sintileta cha sentimita 5 kwa 5, unene sentimita 1. Myuoni ikipita humo plastiki hutoa mmweko hafifu wa mwanga, na kihisi cha silikoni cha milimita 6 kwa 6 kilichobanwa juu yake huugeuza kuwa mpigo wa umeme. Saketi hupandisha volti 5 za USB hadi volti 29.5 hivi kwa ajili ya kihisi, hukuza mpigo na kuurefusha ili Arduino Nano, kompyuta ndogo iliyo kwenye saketi, iweze kuupima. Matokeo huandikwa kwenye kadi ya memori au hupelekwa kwenye kompyuta: namba ya tukio, wakati, ukubwa wa mpigo kwa milivolti, muda ambao kifaa kilikuwa kimefumba macho (hakiwezi kuhesabu), na halijoto. Vipuri vya kifaa kimoja hugharimu kama dola 100, yaani karibu shilingi elfu kumi na tatu za Kenya, kabla ya usafiri na ushuru. Kulehemu kunataka mkono uliozoea vipuri vidogo. Fundi wa simu mwenye kioo cha kukuzia anaiweza kazi hii bila shida.

Sababu ya kukisifu kifaa hiki huku kwetu ni mahali tulipo. Uga wa sumaku wa dunia huzizuia chembe zenye nishati ndogo zisifike chini, na kizuizi hicho ni kikali zaidi karibu na ikweta ya sumaku, inayopita kaskazini yetu huko Ethiopia. Karibu na ncha za dunia kizingiti, yaani kiwango cha chini ambacho chembe lazima ikivuke ili ipenye, ni chini ya gigavolti moja (gigavolti hupima ugumu wa kuipinda chembe kwa sumaku). Malindi ni zaidi ya 13. Tena kizingiti hakilingani pande zote. Miale mingi ya anga ni protoni, nazo zina chaji chanya, kwa hiyo uga huzipinda upande mmoja. Kwa hesabu ya uga sahili wa ncha mbili, mtu aliyesimama juu ya ikweta ya sumaku akiinamisha darubini digrii 45 kutoka utosini anapata kizingiti cha gigavolti 11 hivi upande wa magharibi na 25 hivi upande wa mashariki. Akiinamisha mpaka upeo wa macho, tofauti inakuwa 10 kwa 60. Magharibi mlango uko wazi zaidi, hivyo myuoni nyingi zaidi huingia kutoka huko.

Bruno Rossi aliutabiri mwachano huu mwaka 1930. Mwaka 1933 Thomas Johnson, na vilevile Luis Alvarez akiwa na Arthur Compton, waliupima Meksiko. Mwaka huohuo Rossi mwenyewe alipanda Asmara, hapa hapa Afrika Mashariki, akaupata. Hivyo ndivyo ilivyojulikana kwamba sehemu kubwa ya miale ya anga ina chaji chanya. Usawa wa bahari karibu na ikweta, tofauti kati ya magharibi na mashariki kwa mwinamo wa digrii 45 ni kama asilimia 10 hadi 15. Ulaya ya kaskazini hushuka hadi asilimia chache tu. Kifaa kilichobuniwa karibu na Boston kinafanya kazi hii kwa raha zaidi Shela au Ngomeni kuliko kilikozaliwa, na mwongozo wake haulitaji hilo kwa uzito unaostahili.

Sasa hesabu, kwa sababu hapa ndipo wengi hukata tamaa mapema. Usawa wa bahari hupita takriban myuoni moja kila dakika kwenye kila sentimita mraba iliyolazwa. Kipande cha sentimita mraba 25 basi hupitiwa na myuoni 25 hivi kwa dakika. Ukivipanga vifaa viwili umbali wa sentimita 10 kati ya plastiki na plastiki, ukaelekeza juu moja kwa moja, sanjari, yaani chembe zinazogusa vyote viwili kwa wakati mmoja, hushuka hadi 2 hivi kwa dakika, maana ni chache tu zinazoshuka kwenye njia inayogusa zote mbili. Ukiinamisha digrii 45 unabaki na nusu yake, kwa kuwa wingi wa myuoni hupungua kwa mraba wa kosaini ya pembe: digrii 30 robo tatu, 45 nusu, 60 robo. Sanjari 60 kwa saa, basi. Kuona tofauti ya asilimia 12 bila shaka kunataka matukio 3,500 hivi kila upande, ambayo yanakupa kosa la asilimia 2.4 kwenye tofauti yenyewe. Hiyo ni saa 60 magharibi na saa 60 mashariki. Panga siku sita kamili na usiguse hesabu kabla hazijaisha. Anayepima saa tatu magharibi na saa tatu mashariki ana matukio 180 kila upande, na bahati pekee inaweza kumpa jibu lililopinduka.

Usishawishike kuvitenganisha kwa sentimita 20 ili mwelekeo uwe mwembamba. Kweli, kwa sentimita 10 darubini huona hadi digrii 27 kila upande wa mhimili wake, na kwa 20 huona 14 tu. Lakini kasi ya sanjari huanguka mara nne, na siku sita zinakuwa wiki tatu na zaidi. Mwachano wa mashariki na magharibi hubadilika polepole kwa pembe, kwa hiyo jicho pana halikuharibii kitu.

Katika siku hizo sita, badilisha upande saa moja asubuhi na saa moja jioni, na kesho yake ugeuze mpangilio: siku ya kwanza magharibi mchana na mashariki usiku, siku ya pili mashariki mchana na magharibi usiku. Kila upande utakuwa umepata joto na baridi sawa, na kanieneo ya hewa sawa. Kugeuza kufanyike kwa kuzungusha kiunzi kizima digrii 180 mahali kilipo. Ukivihamisha vifaa kimojakimoja utabadilisha nafasi kati yao, na milimita 5 kwenye sentimita 10 ni kosa la asilimia 10 kwenye kasi, yaani karibu lote unalolitafuta.

Kiunzi chenyewe ni cha mbao tu. Mbao mbili zilizounganishwa kwa bawaba, ubao wa juu una vituo viwili vilivyokatwa kwa kipimo cha boksi la alumini, na kigingi cha kushikilia digrii 45. Programu ya kupima mwinamo kwenye simu inatosha. Kwa mwelekeo, dira ya simu hudanganywa na nondo za zege na boksi za spika, kwa hiyo ihakikishe kwa njia nyingine. Malindi ina bahati ya pekee: Makka iko karibu kaskazini kamili, chini ya digrii moja kuelekea magharibi. Lamu tofauti ni kama digrii mbili na nusu. Kibla kilichopimwa vizuri ni mstari wa kaskazini, na mkono wa kushoto wa anayekielekea ni magharibi. Misikiti mingine ya kale imepotoka digrii kadhaa, ila kwa jicho la digrii 27 hata hiyo haidhuru.

Kasoro kubwa ya kifaa ni mwanga, na huku kwetu jua halina huruma. Plastiki hufungwa karatasi ya alumini ili mmweko urudi ndani, kisha tepu nyeusi ya mafundi umeme juu yake. Kona za alumini hutoboa tepu. Joto la pwani hulainisha gundi, na baada ya wiki kadhaa ncha za tepu hujikunjua. Mwanga ukipenya, kifaa kilichokuwa kikihesabu mpigo mmoja kwa sekunde kinaweza kuruka hadi 20 au zaidi. Mtu akiona hivyo hujiambia kwamba sanjari itachuja uchafu wote, na hapo ndipo anapoumia. Kifaa hiki huhesabu sanjari ikiwa mipigo miwili imetokea ndani ya mikrosekunde 30 hivi. Vyote viwili vikiwa na mpigo mmoja kwa sekunde, sanjari za bahati ni karibu 0.2 kwa saa. Hazina uzito mbele ya 60 za kweli. Vikiwa na 20 kwa sekunde, sanjari za bahati zinafika 86 kwa saa. Uongo umeushinda ukweli, na kwa kuwa jua liko mashariki asubuhi na magharibi jioni, uongo huo una mwelekeo. Grafu itapendeza na itakuwa takataka.

Dawa ni kazi ya nusu saa. Zungusha tepu tabaka mbili, la pili likikata la kwanza, na pindua kona za alumini kuelekea ndani kabla ya kufunga. Ingia chumba cha giza, soma kasi kwa dakika kumi, kisha pitisha tochi ya simu polepole kwenye kila ukingo na kwenye tundu la waya. Kasi ikipanda popote, funga hapo tena. Baada ya hapo andika kasi ya kila kifaa peke yake kila siku pamoja na ile ya sanjari. Kasi ya kimoja ikipanda maradufu, siku hiyo itupwe. Isipokuwa umehamia Mambrui au mdomo wa Sabaki: mchanga mweusi wenye madini mazito kwa kawaida hubeba thoriamu kidogo, na gama zake huongeza hesabu ya kifaa kimoja bila kugusa sanjari kwa kiasi cha kuonekana.

Wakati wa kuunda, usiishike plastiki kwa vidole vitupu, mafuta ya ngozi huifanya ipasuke nyufa ndogondogo kadiri muda unavyokwenda. Ioshe kwa maji na sabuni laini. Asetoni ya kuondolea rangi ya kucha ni marufuku, itaiyeyusha. Jeli ya kati ya kihisi na plastiki iwe tone dogo lisilo na mapovu. Povu likibaki, mipigo hupungua ukubwa, na utaliona kwenye data: linganisha wastani wa milivolti za matukio ya sanjari kwa vifaa vyote viwili. Kimoja kikiwa chini sana ya mwenzake, kifungue.

Joto ni adui mdogo kuliko wengi wanavyodhani. Kila digrii moja ya joto hupandisha volti ya kuanzia ya kihisi kwa milivolti 21.5. Darini chini ya mabati, panapoweza kuzidi usiku kwa digrii 15, hiyo ni volti 0.32 kati ya 5 za ziada ambazo kihisi kinatumia, yaani mipigo inapungua ukubwa kwa asilimia 6 hivi. Mipigo ya myuoni ni mikubwa, kwa hiyo michache tu huanguka chini ya kiwango cha kuhesabiwa. Hata hivyo makuti ni bora kuliko mabati, kwa ubaridi na kwa wepesi.

Kuta zinadhuru zaidi. Ukuta wa mawe ya matumbawe wa nusu mita, kama ule wa nyumba za mji wa kale Lamu, unaweza kuwa na gramu 100 hivi kwa kila sentimita mraba, sawa na sehemu ya kumi ya angahewa yote iliyo juu yetu. Ukiwa upande mmoja tu utakula asilimia kadhaa ya myuoni, nawe utadhani ni sumaku ya dunia. Pima juu ya paa la bapa mahali ambapo mashariki na magharibi yote ni wazi kuanzia digrii 18 juu ya upeo wa macho. Anayeishi ufukweni ana kishawishi cha kutumia roshani inayotazama bahari. Roshani ina nyumba nzima mgongoni, na ni mahali pabaya kuliko pote.

Chumvi hula soketi za USB na tundu la waya wa kuunganisha, ule wa milimita 3.5 unaofanana na wa spika. Waya huo ukilegea, sanjari huwa sifuri huku kila kifaa kikiendelea kuhesabu kama kawaida. Viweke vyote viwili kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko pamoja na pakiti za silika jeli, na uzikaushe pakiti juani kila wiki. Ndoo haizuii myuoni yoyote ya kuhesabika. Wakati wa kuwasha, unganisha waya kwanza, kisha bonyeza vitufe vya kuanza upya vya vifaa vyote viwili karibu kwa pamoja, na usiondoke mpaka kioo cha kimojawapo kionyeshe kwamba ndicho mfuasi. Mfuasi huandika sanjari tu; faili lake ndilo la kulinda.

Umeme: kila kifaa kinatumia nusu wati hivi. Pawabenki nyingi hujizima zikiona mzigo ni mdogo namna hiyo, na utakuta data imekatika saa nane za usiku. Tumia betri ya sola ya volti 12 yenye kishushio cha volti 5, ambayo pia inakuokoa stima ikipotea. Ukigawa idadi ya matukio kwa muda, toa kwanza jumla ya muda ambao kifaa kilifumba macho. Safu hiyo iko kwenye faili, na wanaoisahau ni wengi.

Kuna kazi ambayo watu watakuuzia kifaa hiki kwa ajili yake, nacho hakiiwezi: kutazama miale ya anga ikibadilika mwelekeo kadiri dunia inavyozunguka ndani ya upepo wa jua. Badiliko hilo ni sehemu ndogo ya asilimia moja. Kufikia usahihi wa asilimia 0.1 kunataka matukio milioni moja, na kwa sanjari 60 kwa saa hiyo ni karibu miaka miwili. Hata wima, kwa 120 kwa saa, ni karibu mwaka mzima. Ndiyo maana wanaoifanya kazi hiyo wana mitambo mikubwa: mtandao wa vituo vya Nagoya, Hobart, São Martinho da Serra na Kuwait, au GRAPES-3 kule Ooty, India, wenye mita mraba 560 za kugundua myuoni. Na pwani yetu ina mtego wake. Kanieneo ya hewa hupanda saa nne asubuhi na saa nne usiku, hushuka saa kumi alasiri na saa kumi alfajiri, kwa hektopaskali 3 hivi, kila siku, kaskazi na kusi. Kila hektopaskali moja hupunguza myuoni kwa asilimia 0.1 hadi 0.2. Mtu mwenye kifaa kikubwa bila kipima kanieneo ataona wimbi la mara mbili kwa siku na kulipachika jina la nyota. Isitoshe saa ya ndani ya Arduino Nano inaweza kupotea dakika kadhaa kwa siku. Kwa kazi ya wiki nzima linganisha na saa ya simu kila unapogeuza.

Mbadala wa bei nafuu ni mirija miwili ya Geiger kama SBM-20. Inataka volti 400, eneo lake ni kama sentimita mraba 8, na kwa hesabu ileile utasubiri mara kadhaa zaidi. Programu za simu zinazotumia kamera kunasa chembe zinafaa kufundishia, ila hazikupi mwelekeo wa kuaminika.

Kama pesa ni za kifaa kimoja kwa sasa, agiza plastiki mbili na vihisi viwili mara moja, maana hivyo ndivyo vigumu kupatikana na gharama ya usafiri ni karibu ileile. Arduino, waya, kadi na maboksi hupatikana Mombasa au Nairobi wakati wowote. Nakala ya tatu, ukiweza, iwekwe pembeni ikiwa imelala, bila kuguswa wakati wa kugeuza kiunzi: kasi yake ikitulia siku zote sita, tofauti uliyoipata kati ya magharibi na mashariki haikutoka kwenye hali ya hewa.